Deni la Vyumba Sita

Neno mpangaji lina maana mbili katika Kiswahili. Mpangaji ni mtu anayeishi katika nyumba ya mwenzake kwa kulipa kodi. Mpangaji pia ni mtu anayeyaweka mambo yake katika utaratibu kabla ya kuyatenda. Darasani, maana hizi hutajwa pamoja kama mfano wa neno moja lenye matumizi tofauti, kisha mwalimu na wanafunzi wake wakaendelea na mfano mwingine. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kukopa fedha ili ajenge nyumba za kupangisha anajua kwamba maana hizo hazitengani. Mwenye nyumba hupanga, ila mpango wake wote umeegemea mpango wa mtu asiyemfahamu, ambaye kipato chake hakijui na ambaye siku ya kuhama kwake haijui. Huyo naye ni mpangaji, kwa maana zote mbili.

Katika miji ya Kenya, kupanga ndiyo hali ya kawaida. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya kaya za mijini zilikuwa zikiishi katika nyumba za kukodi. Si ajabu, basi, kwamba kila mfanyakazi mwenye mshahara wa uhakika huota siku moja atakapovuka kutoka upande wa wanaolipa kodi hadi upande wa wanaoipokea. Ndoto hiyo huzungumzwa katika vyumba vya walimu, katika mikutano ya vyama na hata katika matanga. Huzungumzwa kana kwamba ni jambo la ujasiri tu: nunua ploti, chukua mkopo, jenga, kisha kaa kitako upokee. Wahenga, ambao hawakuwa na benki, walikuwa waangalifu zaidi. Walisema kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa, Kaunti ya Kiambu, aliijua methali hiyo na kuifundisha kwa miaka mingi kabla ya kuingia katika harusi yenyewe. Aliajiriwa mwanzoni mwa mwaka 2008. Mwezi wake wa kwanza kazini alijiunga na chama cha ushirika cha akiba na mikopo, yaani Sacco, akawa anakatwa shilingi 3,500 kila mwezi. Mwaka 2012, kwa mkopo wa kwanza, alinunua kipande cha ardhi chenye futi 50 kwa 100, takriban thumuni ya ekari, upande wa Gachororo, Juja, si mbali na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Mwaka huo ndio barabara kuu mpya ya Thika ilipokuwa inakamilika, na bei za ardhi zilikuwa zikipanda kila mvua iliponyesha.

Ununuzi huo ulimfunza jambo la kwanza. Muuzaji wa awali alimwonyesha cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, akamweleza kwamba majirani wote walinunua kwa njia hiyo hiyo. Mwalimu alikataa. Cheti cha hisa huthibitisha kwamba mtu ana sehemu katika kampuni. Hakithibitishi kwamba ana kipande fulani cha ardhi penye mpaka fulani. Alitafuta muuzaji mwingine mwenye hati miliki, akaenda na nakala yake kwa msajili wa ardhi kufanya upekuzi ili ajue jina lililoandikwa humo, na kama ardhi imewekwa rehani au imezuiliwa na mahakama. Kwa kuwa ardhi hiyo ilikuwa bado imeorodheshwa kama ya kilimo, walihitaji pia idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi. Sheria inataka idhini hiyo iombwe kabla ya miezi sita kupita tangu mkataba utiwe sahihi. Pasipo idhini, mkataba hauna nguvu. Hatua hizi zote huonekana kama usumbufu kwa mtu mwenye fedha mkononi. Lakini fedha za mkopo zikipotea, deni halipotei nazo.

Mkopo wa kwanza ulikwisha mwaka 2016. Kufikia katikati ya mwaka 2017, akiba yake katika Sacco ilikuwa imefika takriban shilingi 400,000, na kwa kanuni ya chama chake aliweza kukopa mara tatu ya akiba, yaani shilingi 1,200,000.

Kabla ya kujaza fomu, alikwenda benki. Wakati huo ilikuwapo sheria, iliyoanza kutumika Septemba 2016, iliyozizuia benki kutoza riba inayozidi riba ya Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Kwenye karatasi, jambo hilo lilimfaa mkopaji. Kwa hakika, benki nyingi zilipunguza mikopo kwa watu wa kawaida, zikaona heri kuikopesha serikali, na sheria yenyewe ilifutwa Novemba 2019. Benki ingetaka hati miliki iwekwe rehani, mthamini aikague ardhi, wakili aandike hati, na ushuru wa stempu ulipwe. Gharama zote hizo zingetoka mfukoni mwa mkopaji kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Zaidi ya hayo, benki ilipendelea kukopesha kwa nyumba iliyokwisha kusimama kuliko kwa msingi ambao haujachimbwa. Hali hii ndiyo sababu mojawapo kwamba hata leo mikopo ya nyumba ya muda mrefu katika benki zote za Kenya haizidi sana 30,000, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 50. Kampuni ya kufadhili mikopo hiyo, iliyoundwa mwaka 2018 ili kuzipa benki na Sacco fedha za muda mrefu, imelenga zaidi wanaotafuta makao yao wenyewe. Mwenye kutaka kujenga vyumba vichache vya kupangisha bado hurudi kwenye Sacco yake.

Sacco haikutaka rehani. Ilitaka wadhamini. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndipo wengi hupita haraka. Akiba ya mwalimu ya shilingi 400,000 ilikinga theluthi ya mkopo. Shilingi 800,000 zilizobaki zilikingwa na akiba za wenzake watano, kila mmoja kwa shilingi 160,000. Walikuwa walimu wa shule yake na ya jirani. Walitia sahihi wakati wa chai, wengine bila kusoma ukurasa wa pili, kwa sababu waliomba wao pia watiliwe sahihi siku moja. Hakuna aliyepokea hata senti. Kuanzia siku hiyo, hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kuitoa au kuitumia sehemu hiyo ya akiba yake kwa uhuru hadi mkopo wa mwenzao upungue.

Wanafunzi wa fasihi wanakijua kisa cha namna hii. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, Antonio anajifunga kwa deni ambalo fedha zake zinamfaa rafiki yake Bassanio. Anafanya hivyo kwa furaha, maana merikebu zake ziko njiani. Aghalabu wahakiki hujishughulisha na Shylock na ratili yake ya nyama. Lakini aliye hatarini ni Antonio, mtu ambaye hakuhitaji mkopo huo hata kidogo. Maneno yenyewe yanayotumika katika Sacco zetu, dhamana, amana, riba na rehani, yote yalikuja Kiswahili kupitia Kiarabu pamoja na biashara ya pwani, na yote yanahusu swali moja: mtu akikosa, ni nani atakayebeba?

Riba ilikuwa asilimia 12 kwa mwaka, ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, kwa miezi 72. Kila mwezi mwalimu angekatwa takriban shilingi 23,460. Kwa jumla angelipa karibu shilingi 1,689,000, yaani shilingi 489,000 zaidi ya alizopokea. Makato yalitoka moja kwa moja kwenye mshahara kabla haujamfikia, na Sacco ilihakikisha kwamba theluthi moja ya mshahara inabaki, kama sheria ya ajira ya mwaka 2007 inavyotaka. Theluthi hiyo ndiyo ingemlisha, ingemvisha na kumsomeshea watoto hadi kodi zianze kuingia.

Mchoro wake ulikuwa wa vyumba vinane, kila kimoja na choo na bafu ndogo ndani, paa la mabati, ukuta wa mawe ya Ndarugo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Vyumba vinane kwa shilingi 4,500 ni 36,000. Kodi ya serikali kwa mapato ya nyumba za kuishi, kwa mujibu wa sheria iliyoanza kutumika Januari 2016, ilikuwa asilimia 10 ya kodi yote iliyopokewa kwa mtu anayepata kati ya shilingi 144,000 na milioni 10 kwa mwaka. Kodi hiyo haijali gharama wala riba. Hutozwa juu ya kilichopokewa kabla ya kutoa chochote. Ukiondoa 3,600 zinabaki 32,400. Ukiondoa mkopo zinabaki 8,940. Mtu angeweza kuiona hesabu hiyo akalala usingizi mzuri.

Ardhi haikuisoma hesabu hiyo. Sehemu nyingi za Juja zina udongo mweusi ambao huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi kikiingia. Msingi ukiwekwa juu yake bila kuondolewa, ukuta hupata nyufa kabla ya mwaka kuisha. Fundi alilazimika kuchimba hadi tabaka gumu, kuusomba udongo wote nje kwa malori, na kujaza mawe. Yapo majengo ambayo wenyewe waliamua kuziba macho mbele ya gharama kama hizo. Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa, na zaidi ya watu 40 wakafa. Wengi wao walikuwa wapangaji waliokuwa wamelipa kodi yao. Mwalimu aliyakumbuka hayo. Fedha za vyumba viwili zilizikwa ardhini, na vyumba vinane vya mchoro vikawa sita.

Vyumba sita kwa shilingi 4,500 ni 27,000. Serikali ikichukua asilimia 10, zinabaki 24,300. Sacco ikichukua 23,460, zinabaki shilingi 840. Hizo ndizo za kulipia bomba linalovuja, kufuli lililovunjika, taa ya uani na mtu wa kuzoa taka, katika mwezi ambao kila chumba kina mtu na kila mtu amelipa.

Afisa wa mikopo wa Sacco, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, alikuwa amemwonya mapema.

"Mwalimu, wapangaji wako ni wanafunzi. Chuo hufungwa. Usihesabu miezi kumi na miwili; hesabu tisa."

Mwalimu alihesabu. Kodi ya miezi tisa ni shilingi 243,000. Ukiondoa asilimia 10 zinabaki 218,700. Mkopo kwa mwaka ni 281,520. Pengo ni shilingi 62,820, au 5,235 kila mwezi. Hesabu hii ya pili ilikuwa ya kweli kuliko ile ya kwanza, na ilisema wazi kwamba kwa miaka sita vyumba havingemlisha mwalimu. Mwalimu ndiye angevilisha. Alikubali kwa sababu alijua kiasi atakachotoa na mwezi wa mwisho wa kukitoa. Tofauti kati ya uwekezaji na kamari, kwa maskini hasa, imo katika kujua mambo hayo mawili.

Makato yalianza Oktoba 2017. Vyumba vilikuwa tayari Machi 2018. Kwa miezi mitano, basi, alilipa shilingi 117,300 kwa nyumba isiyokuwa na mtu. Na mwezi huo huo wa Machi wahadhiri wa vyuo vya umma walianza mgomo uliodumu hadi Mei. Vyumba vitatu tu ndivyo vilivyopata watu. Vingine vilijaa mwezi Septemba, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipofika na masanduku yao.

Kila mpangaji alilipa kodi ya mwezi mmoja na amana ya kiasi hicho hicho. Amana ni neno zuri lenye kuonewa. Maana yake ni kitu kilichowekwa kwa mtu ili akitunze, kisha akirudishe. Lakini kwa wenye nyumba wengi, amana huingia katika saruji siku inapopokewa, na mpangaji akihama huambiwa kwamba imekwisha kwa rangi ya ukuta. Mwalimu aliziweka amana zote, shilingi 27,000, katika akaunti ya peke yake. Wenzake walimcheka kwamba anaacha fedha zilale huku yeye akitembea kwa miguu.

Machi 2020 serikali iliagiza shule na vyuo vyote vifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kufikia tarehe 20 mwezi huo, vyuo vikuu vilikuwa vimewatuma wanafunzi makwao. Gachororo ilihama kwa siku nne. Vibanda vya chipsi vilifungwa, maduka ya kunakili karatasi yalifungwa, na kwenye malango ya nyumba nyingi vilitundikwa vibao vya vyumba vitupu. Wapangaji watatu wa mwalimu walirudisha funguo. Aliwarudishia amana zao, shilingi 13,500, kabla hawajapanda gari. Aliweza kwa kuwa zilikuwapo. Wanafunzi wengine wawili walifunga milango, wakaacha vitu vyao ndani wakidhani watarudi baada ya mwezi. Chumba cha sita kilikuwa cha mama aliyeuza mboga kando ya barabara.

Mwezi wa Mei, mmoja wa wanafunzi wale wawili alipiga simu kutoka nyumbani kwao.

"Mwalimu, samahani kwa kukusumbua. Kitanda, jiko na vitabu vyangu vimo humo. Baba alikuwa anafanya kazi hotelini na hoteli imefungwa. Naomba usivitoe nje."

"Vitabu havitoki nje, mwanangu. Lakini chumba kina deni lake. Utaweza nini?"

"Nusu, Mwalimu. Nikipata nusu nitatuma."

"Tuma nusu. Nusu nyingine usiihesabu kama deni."

Wapo watakaouona huu kuwa wema tu. Ulikuwa pia hesabu. Kodi nzima isiyolipwa ni sifuri, na chumba kitupu mwaka ule kilikuwa sifuri vilevile. Nusu inayolipwa ni shilingi 2,250. Ilikuwa pia sheria. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kumfungia mpangaji mlango kwa kufuli lake wala kuvitupa vitu vyake nje bila amri ya mahakama au baraza linalohusika. Hata hivyo, mwaka ule magazeti yalieleza habari za wenye nyumba waliong'oa milango na mabati ili wapangaji waondoke wenyewe. Ni rahisi kuwalaani. Baadhi yao walikuwa na mikopo kama wa mwalimu, bila mshahara wa mwalimu. Mgala muue na haki yake umpe: aliyeng'oa mlango alivunja sheria na kumdhulumu mwenzake, na pengine nyuma yake palikuwa na barua ya mnada.

Kwa muda wa miezi ile, mapato ya mwalimu yalikuwa shilingi 9,000: 4,500 za mama wa mboga na nusu mbili za wanafunzi. Baada ya kodi ya serikali zilibaki 8,100. Sacco ilichukua 23,460 zake kutoka kwenye mshahara, kama kawaida. Pengo lilikuwa shilingi 15,360 kila mwezi. Aliyeokoa nyumba ile alikuwa mwajiri wake, ambaye aliendelea kuwalipa walimu wa umma shule zikiwa zimefungwa. Na aliyeokolewa pamoja naye ni wale wadhamini watano, ambao hawakupata barua yoyote, na yamkini hawakujua jinsi barua hiyo ilivyokuwa karibu.

Barua ilikuja, lakini ilikuja kwake. Miaka michache kabla, alikuwa amemdhamini mwalimu mwenzake aliyekuwa amehamia shule ya kibinafsi. Shule hiyo ilipofungwa, mishahara ilikoma. Baada ya miezi mitatu ya kutolipa, Sacco iliwaandikia wadhamini wake watatu. Salio lilikuwa shilingi 240,000. Akiba ya mkopaji ya shilingi 90,000 ilichukuliwa kwanza, na zile 150,000 zilizobaki zikagawanywa: shilingi 50,000 kwa kila mdhamini. Mwalimu alizilipa kwa miezi kumi, shilingi 5,000 kila mwezi, juu ya lile pengo la vyumba. Mwenzake huyo alianza kupita njia nyingine sokoni. Urafiki wa miaka kumi na miwili ulikuwa umewekwa rehani bila yeyote kuliandika neno hilo kwenye fomu.

Hapa ndipo tofauti kati ya Sacco na benki inapoonekana waziwazi. Benki hushikilia ardhi. Mkopaji akishindwa, hati huuzwa, na wanaoumia ni yeye na nyumba yake. Sacco hushikilia watu. Riba yake ni nafuu kwa sababu hatari yake imekwisha kugawanywa miongoni mwa wanachama wanaojuana. Unafuu huo una mwenye kuulipia. Anayemwendea mwenzake na fomu ya udhamini humwomba sehemu ya jasho lake iwe ukuta wa nyumba ambayo hatalala ndani yake wala kupokea kodi yake. Kwa hivyo ni haki ya mdhamini kuiona hesabu nzima: ile ya vyumba vikiwa vimejaa na ile ya vyumba vikiwa vitupu.

Vyuo vilifunguliwa kwa awamu, na mwaka 2021 Gachororo ikajaa tena. Mwanafunzi aliyekuwa akituma nusu alirudi, akakikuta kitanda chake na vitabu vyake, panya wakiwa wameonja viwili. Mwalimu hakurejelea mpango wa zamani. Vyumba vitatu aliviacha kwa wanafunzi. Vitatu akavipangisha kwa watu wenye kazi zisizofuata kalenda ya chuo: mama wa mboga, fundi wa pikipiki, na muuguzi. Makato ya mwisho yalitoka Septemba 2023. Januari 2024 kodi ya serikali kwa mapato ya nyumba za kuishi ilishuka hadi asilimia 7.5, na kiwango cha chini cha mapato yanayotozwa kilikuwa tayari kimepandishwa hadi shilingi 288,000 kwa mwaka. Vyumba vyake sasa ni shilingi 5,500. Vikijaa, huleta 33,000. Serikali huchukua 2,475. Kwake hubaki 30,525 kabla ya matengenezo. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2017, vyumba vinamlisha.

Si mali nyingi. Jirani yake amejenga ghorofa nne kwa mkopo wa benki na sasa ghorofa moja haina watu, kwa kuwa kila mwenye ploti aliota ndoto ile ile na vyumba vimekuwa vingi kuliko wanafunzi. Kodi haipandi kwa sababu mwenye nyumba ana deni kubwa. Hupanda au kushuka kulingana na kile ambacho mpangaji anaweza kulipa na wingi wa milango anayoweza kuigonga. Anayetaka kuanza anapaswa kwanza kutembea mtaani mwezi wa Julai, chuo kikiwa kimefungwa, na kuhesabu vibao vya vyumba vitupu. Mtaa huo huo mwezi wa Septemba humdanganya kila mtu.

Wengi wa wanaoisoma makala hii wamo upande wa mpangaji leo, na wengi wao watakuwa walimu kesho, wenye hati ya mshahara ambayo kila Sacco inaitamani. Watashawishiwa kukopa kabla ya kujua gharama ya udongo, na watashawishiwa kudhamini kabla ya kujua gharama ya urafiki. Mwaka jana kijana mmoja aliyeajiriwa karibuni alimwendea mwalimu yule na fomu yake. Alikuwa na mchoro mzuri wa vyumba kumi.

"Hesabu yako ya miezi kumi na miwili nimeiona," mwalimu alimwambia. "Niletee ya miezi tisa, ndipo nitafute kalamu."

Kijana alikwenda na fomu yake. Alirudi baada ya wiki mbili na mchoro wa vyumba vinne, na mwalimu akatia sahihi.